Chombo Shirikishi au Mafunzo Shirikishi? Historia Fupi ya Istilahi Moja, kwa Mfano wa Mkoa wa Singida

Utangulizi

Katika nyaraka za vyuo, taarifa za wizara na maombi ya fedha yaandikwayo siku hizi, msomaji hukutana mara kwa mara na fungu la maneno "zana shirikishi za wavuti". Kwa fungu hilo waandishi hukusudia vyombo vya kufundishia vitumiavyo mtandao wa kompyuta, ambavyo humwezesha mwanachuo kujibu, kuuliza, kuandika na kusahihishwa, badala ya kusoma na kusikiliza tu. Fungu hilo limeenea upesi, na limekubaliwa na watu wengi bila ya kuhojiwa. Kazi ya kurasa hizi ni kuyahoji maneno kabla hayajaota mizizi. Kwa hiyo tutajaribu kueleza hapa lilikotoka neno "shirikishi", linabeba nini linapotwishwa chombo, na kama mzigo huo ni wake kwa haki.

Tumechagua kulitazama suala hili kwa kuufuata Mkoa wa Singida. Mkoa huu uko katikati ya nchi. Makao yake makuu yako mbali na Dar es Salaam kwa safari ya kilomita zipatazo 700, na watu wake wengi wanaishi vijijini. Humo husemwa Kinyaturu, Kinyiramba na Kigogo, ambazo ni lugha za Kibantu; husemwa pia Kitaturu, ambayo ni ya jamii ya lugha za Kinailoti, na Kihadzabe huko Mkalama, ambayo hata sasa haijapata ndugu wa hakika. Kiswahili ndicho kiwakutanishacho wanachuo wa mkoa huu katika bweni na katika uwanja wa mpira. Mahali pa namna hii elimu ya mbali haikuwa jambo la anasa wakati wo wote. Kila chombo kilichobuniwa kwa ajili ya kumfikia mwanafunzi aliye mbali kimepimwa humo, na historia ya vyombo hivyo ndiyo itakayotusaidia kulipima neno.

Barua na Kijitabu

Mkoa wa Singida ulikuwa na chuo cha ualimu tangu wakati wa utawala wa Waingereza. Chuo cha Kinampanda, katika Wilaya ya Iramba, kina asili yake katika kazi ya elimu iliyofanywa na misheni ya Kilutheri ya Augustana kutoka Marekani, na baadaye kikawa chuo cha serikali. Lakini chuo kimoja hakikuweza kuwatosheleza watu wote waliotaka kusoma, na baada ya uhuru mahitaji yalizidi. Mwaka 1967 likatolewa Azimio la Arusha, ikafuata hati ya Elimu ya Kujitegemea, na mwaka huo huo Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali. Mwaka 1967 ndio pia ulioleta sheria ya kuliunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima.

Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanza mwaka 1960 kama tawi la Chuo Kikuu cha Makerere na kupewa sheria yake yenyewe mwaka 1975, ilianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 masomo kwa njia ya posta. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kueleweka. Mwanafunzi alipelekewa kijitabu. Mwishoni mwa kila somo palikuwa na zoezi. Aliliandika jibu, akalitia katika bahasha, na mwalimu asiyemjua kwa sura akalisahihisha na kulirudisha pamoja na maelezo. Kwa mtu wa Itigi au Manyoni bahasha ilisafiri na njia zifuatanazo na reli ya kati. Kwa mtu wa Ndago au Mkalama safari ilizidi, na masika yaliiongezea siku.

Yafaa tuangalie jambo moja katika utaratibu huo. Mwanafunzi wa posta alijibu, na alijibiwa. Palikuwa na njia ya kwenda na njia ya kurudi, ingawa ilikuwa ndefu. Hata hivyo hakuna aliyekiita kijitabu "shirikishi", wala bahasha haikuitwa hivyo. Watu walisema tu "masomo kwa njia ya posta". Neno "njia" liliwekwa mahali pake: posta ni njia, na masomo ni kitu kingine kipitacho humo.

Redio na Kikundi

Chombo kilichofuata kilikuwa redio, nayo kwa asili yake husema bila ya kusikia. Mtangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam hakuweza kujua kama msikilizaji wa Shelui ameelewa, amesinzia, au betri zimemwishia. Ukipima kwa chombo peke yake, redio ilikuwa hatua ya kurudi nyuma ikilinganishwa na posta, maana posta ilikuwa na marejeo nayo redio haikuwa nayo.

Lakini tazama jinsi ilivyotumiwa. Mwaka 1971 pakafanywa kampeni ya "Wakati wa Furaha", wakati taifa liliposherehekea miaka 10 ya uhuru wa Tanganyika. Hiyo ilikuwa kama jaribio. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya "Mtu ni Afya", iliyoendelea kwa majuma 12 na kushirikisha watu wapatao 2,000,000 nchini. Mwaka 1975 ikaja "Chakula ni Uhai", na mwaka 1980 "Misitu ni Mali". Kampeni hizi zilikuwa za nchi nzima, na vijiji vya Singida vilikuwa humo pamoja na vingine.

Katika "Mtu ni Afya" watu hawakuachwa wasikilize mmoja mmoja. Walikusanywa katika vikundi vidogo. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa kazi hiyo, na idadi ya viongozi waliofunzwa ilifika 75,000. Kikundi kilisikiliza kipindi juu ya malaria, safura, kichocho, kuhara damu au kifua kikuu. Kisha mmoja wao akasoma kwa sauti sura ya kitabu inayohusika, ili na asiyejua kusoma apate haki yake. Kisha wakajadiliana: je, haya yapo hapa kwetu? Yanatokana na nini? Tufanye nini? Mwisho wakakata shauri, na shauri hilo likawa kazi: kuchimba choo, kufukia dimbwi, kufyeka nyasi zilizozunguka nyumba, kuchemsha maji ya kunywa. Aliyepita katika vijiji vingi baada ya majuma hayo 12 aliona vyoo vipya, navyo havikuchimbwa na redio.

Basi hapa tuna jambo la kustaajabisha ambalo wachunguzi wa istilahi wasilipuuze. Chombo kisichoweza kabisa kumsikia mwanafunzi kilitumika katika mafunzo ambayo huenda yamewashirikisha watu wengi kuliko mengine yo yote katika historia ya nchi yetu. Ushirikishi haukukaa ndani ya redio. Ulikaa katika kikundi, katika kiongozi aliyefunzwa, katika maswali yaliyopangwa, na katika ule muda uliotengwa kwa ajili ya watu kusemezana.

Somo hilo lilirudiwa katika mpango wa walimu wa Elimu ya Msingi kwa Wote. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, taifa liliazimia watoto wote wenye umri wa kwenda shule waingie darasani ifikapo mwaka 1977. Vyuo vilivyokuwapo, Kinampanda kikiwamo, havikuweza kutoa walimu wa kutosha. Kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba walichaguliwa, wakawa wanafundisha na huku wanajifunza ualimu vijijini kwa muda wa miaka mitatu, kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya redio, na kwa kutembelewa na wakufunzi. Mpango huo ulikuwa na upungufu wake, na mengi yamesemwa juu ya walimu hao, mengine kwa haki na mengine kwa dharau. Hata hivyo waliouunda walijua kwamba karatasi na redio havitoshi bila ya mtu wa kumjibu mwanafunzi.

Kadhalika Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden, vilijengwa juu ya mazungumzo. Singida ilipata chuo cha namna hiyo mjini, na kingine huko Msingi. Katika vyuo hivyo Kiswahili ndicho kilichofundishia, na mtu mzima aliyekuja kujifunza useremala au kilimo alikuja pia na yale ayajuayo.

Miaka ya Marufuku

Wakati huo huo, katika nchi nyingine, kompyuta zilikwisha kuanza kufundisha. Katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, mtambo ulioitwa PLATO ulianza kufanya kazi mwaka 1960. Mwanafunzi aliandika jibu, na mtambo ukamwambia papo hapo kama amepata au amekosa. Hiyo ndiyo asili ya mbali ya zana tunazozijadili.

Tanzania iliifahamu kompyuta mapema, kwani ya kwanza iliingia serikalini mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Lakini baada ya mradi wa kuziweka hesabu za serikali katika kompyuta kuleta hasara na vurugu, serikali ilipiga marufuku mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta na vifaa vya aina hiyo. Marufuku hayo yalilegezwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990. Televisheni nayo, ingawa ilianza Zanzibar mwaka 1973, haikuanza Bara mpaka mwaka 1994. Kwa hiyo katika miaka ile ambayo Kiswahili kilikuwa kikitunga istilahi kwa bidii kubwa kabisa, na Baraza likatoa orodha baada ya orodha katika "Tafsiri Sanifu", kompyuta haikuwa mbele ya macho ya watu. Istilahi za vitu hivyo zikatungwa baadaye na kwa haraka, na mara nyingi nje ya vikao.

Yalikuwapo na matokeo ya upande wa lugha ya kufundishia. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika katika shule za sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikukubaliwa. Vyuo vikabaki na mgawanyiko ambao walimu wa Kinampanda na wenzao waliujua vizuri: aliyesomea cheti cha ualimu wa shule za msingi alisoma kwa Kiswahili, na aliyesomea stashahada alisoma kwa Kiingereza. Kompyuta ilipowasili ikapita katika mlango wa Kiingereza.

Kuja kwa Wavuti

Tim Berners-Lee alipendekeza wavuti mwaka 1989 alipokuwa katika kituo cha utafiti cha CERN, Geneva. Tanzania ilipata kikoa chake cha intaneti mwaka 1995, na watoa huduma wa kwanza wakaanza kazi Dar es Salaam katika miaka hiyo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 na kupokea wanachuo wake wa kwanza mwaka 1994, kilianza na karatasi, kanda na vipindi vya ana kwa ana katika vituo vya mikoa, cha Singida kikiwa kimojawapo. Baadaye kikahamia kidogo kidogo katika mtandao kwa kutumia programu ya Moodle, ambayo toleo lake la kwanza lilitolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia.

Hatua nyingine zikafuatana. Mwaka 2003 ikatoka Sera ya Taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano. Kuanzia mwaka 2005, kwa msaada wa Sweden, vyuo vyote 34 vya ualimu vya serikali viliingizwa katika mpango wa kupewa vyumba vya kompyuta. Mwaka 2009 na 2010 nyaya za chini ya bahari zikafika pwani ya Afrika ya Mashariki, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza kutandazwa bara, hata mtandao ukaacha kutegemea setilaiti peke yake. Taasisi ya Uhasibu Tanzania ilifungua kampasi Singida. Mwaka 2022, baada ya Sensa ya Watu na Makazi, vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu vilikabidhiwa kwa walimu. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo imeweka mfumo wa kujifunzia kwa mtandao kwa ajili ya mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambao huenda sambamba na mikutano ya walimu shuleni iitwayo jumuiya za kujifunza. Msomaji mwenye kumbukumbu atavitambua humo vile vikundi vya mwaka 1973.

Basi kwa mara ya kwanza mwanachuo wa Singida akawa na chombo chenye njia ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, tena ya papo hapo. Chombo hiki kinaweza yote ambayo posta na redio vilishindwa. Lakini kinatumiwaje? Katika vyuo vingi vya nchi yetu matumizi yake ya kwanza, na mara nyingi ya mwisho, yamekuwa kuhifadhi vitini. Mkufunzi hupakia maandishi yake, mwanachuo huyapakua, kazi imekwisha. Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona mpaka tarehe 1 Juni, vingi vilikaa kimya ingawa mifumo ilikuwamo, kwa kuwa mfumo peke yake haujibu barua. Gharama ya vifurushi vya intaneti ilikuwa sababu moja. Sababu nyingine, isiyotajwa mara nyingi, ni kwamba hapakuwa na mtu aliyepangiwa saa za kujibu.

Hivyo historia imetuletea kinyume cha lile la mwanzo. Redio, isiyosikia, ilitumika katika mafunzo yaliyowashirikisha watu. Wavuti, unaosikia, unatumika mara nyingi kama kabati la karatasi. Kama ushirikishi ungekuwa sifa ya chombo, jambo hili lisingewezekana.

Neno Lenyewe

Sasa turudi katika neno. "Shirikishi" limetokana na kitenzi "shiriki" chenye asili ya Kiarabu, kikatiwa kiambishi cha kusababisha kikawa "shirikisha", na kisha kikamalizwa kwa irabu ya kufanyia sifa. Walimu walilizoea hasa baada ya mitaala kurekebishwa mwaka 2005, yaliposisitizwa mambo ya umahiri na "mbinu shirikishi". Katika fungu hilo la maneno lilikaa vizuri. Mbinu ni jambo la mtu. Mtu ndiye ashirikishaye. Na kiambishi cha kusababisha hutaka awepo mwenye kusababisha.

Linapohamishwa kutoka kwa mbinu hadi kwa zana, mwenye kusababisha hutoweka. Zana huonekana kana kwamba yashirikisha yenyewe. Hapo ndipo madhara yanapoanzia, na madhara hayo si ya wanasarufi peke yao. Mtumishi wa serikali anayejaza taarifa ataandika kwamba chuo "kina zana shirikishi" akiwa amehesabu kompyuta na vishikwambi. Aipokeaye taarifa ataamini kwamba wanachuo wanashirikishwa. Katika bajeti itatengwa fedha ya kununua zana nyingine, na haitatengwa ya kumpunguzia mkufunzi vipindi ili apate muda wa kusoma na kujibu maandishi ya wanachuo 200. Mwaka 1973 kampeni ilifunza viongozi 75,000. Neno likiwa limekaa vibaya, idadi ya namna hiyo haina mahali pa kuandikwa katika fomu.

Maneno mengine yamejaribiwa. "-a mwingiliano" lina kasoro ya kuleta fikira ya mambo yaliyovuka mipaka yao, kama tusemavyo kwamba ratiba zimeingiliana. "Tagusani" na "amilifu" yametumiwa na baadhi ya wataalamu, lakini mwalimu wa shule ya msingi hana budi kuelezwa kwanza. Wako wapendekezao "jibizani". Linafaa kwa sehemu, kwani laonyesha kwamba kuna jibu. Ila katika mazungumzo ya kila siku mtoto anayejibizana na mzazi wake huhesabiwa kuwa hana adabu. Kwa upande mwingine, wapenzi wa ushairi watakumbuka jinsi washairi wetu walivyojibizana katika kurasa za magazeti, na majibizano hayo yakawa heshima. Kwa hiyo neno lina pande mbili, na matumizi mazuri yanaweza kuliinua.

Jambo tunalotaka kulisisitiza ni kwamba Kiswahili kina chombo chake chenyewe cha kupambanua mambo haya, nacho kimo katika mnyambuliko wa kitenzi. Kiambishi cha kusababisha husema: mmoja amfanya mwingine atende. Kiambishi cha kutendana husema: wawili watenda, huyu kwa huyu. Ulizana, jadiliana, sahihishana, fundishana, shauriana: maneno yote haya hayahitaji kutungwa, yamo vinywani mwa watu wa Ikungi na wa Kiomboi sawasawa na wa Dar es Salaam. Mtafsiri akiyatumia atakuwa amekwisha kusema ni nani anayemjibu nani.

Mapendekezo

Kwa kuzingatia hayo tunatoa mapendekezo yafuatayo, ili wasomaji wayapime.

Kwanza, neno "shirikishi" libaki kwa mbinu, mafunzo na mipango ya kufundisha. Lisitumiwe kwa chombo. Tuseme "mafunzo shirikishi kwa njia ya wavuti", kama vile wazee wetu walivyosema "masomo kwa njia ya posta".

Pili, vyombo vyenyewe vigawanywe kwa kuangalia njia ya jibu. Vile ambavyo hupeleka habari tu, kama kitini cha kupakuliwa au mhadhara uliorekodiwa, viitwe "zana za kuarifu". Vile ambavyo mtambo ndio humjibu mwanafunzi kwa kanuni zilizowekwa, kama jaribio lisahihishwalo papo hapo, viitwe "zana za majibizano". Na vile ambavyo watu hujibiwa na watu, kama baraza la majadiliano au andiko linalotungwa kwa pamoja, viitwe "zana za mashauriano". Mgawanyo huu hauhitaji neno hata moja jipya, na afisa wa elimu anaweza kuujaza katika fomu bila ya kamusi.

Tatu, majina ya vitendo yafuate yale yaliyokwisha kukubaliwa na watu. "Pakia" na "pakua" yametoka katika kazi ya shehena na katika chungu cha chakula, na hakuna anayeyasahau. "Bofya" limetoka katika kuminya tunda kujua kama limeiva. "Mtandao" limetokana na kitenzi "tanda", kilichotupa pia utando wa buibui. Maneno ya namna hiyo yaonyesha kwamba lugha ikiachiwa nafasi hujipatia yenyewe.

Nne, kazi ya kutafsiri maneno ya kiolesura ifanyike vyuoni. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, iliyoitwa Jambo OpenOffice, wakathibitisha kwamba jambo hilo lawezekana. Moodle nayo huruhusu maneno yake yatafsiriwe na watumiaji. Wanachuo wa ualimu wa Singida, ambao husomeshwa kwa Kiingereza na kujadiliana kwa Kiswahili, ndio wenye kujua ni neno gani linamkwamisha mtu. Wakipewa kazi hiyo kama zoezi la darasani, wakasahihishana, na Baraza likaipitia, tutapata istilahi zilizopimwa kabla hazijachapishwa. Nao watakapokwenda kufundisha katika shule za msingi hawatalazimika kulitafsiri somo upya mbele ya watoto.

Hitimisho

Tumeona kwamba katika mkoa mmoja, kwa muda wa miaka ipatayo 50, vyombo vitatu vimefuatana: posta, redio na wavuti. Chombo cha katikati kilikuwa dhaifu kuliko vyote kwa upande wa kupokea majibu, na ndicho kilichotumika katika mafunzo yaliyowashirikisha watu wengi. Sababu ilikuwa ni mpango wa watu waliokizunguka. Istilahi nzuri haina budi kuuacha ukweli huo uonekane.

Twawaomba watafsiri, walimu na watumishi wa serikali wanaposhika kalamu wajiulize swali jepesi: katika jambo hili ninaloliandika, ni nani anayemjibu mwanachuo, na amepewa muda gani wa kufanya hivyo? Kama jibu lipo, neno litapatikana. Kama halipo, basi kinachokosekana si istilahi, na isiwe kazi ya lugha kukificha. Wenye maoni yaliyo tofauti, hasa wakufunzi walio katika vyuo vya mikoani, wanakaribishwa kuyaleta, ili nasi tujadiliane.